Usiseme Amekufa, Sema Amelala

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo hata nikija kusahau jina langu mwenyewe, hiyo nadhani nitaikumbuka. Sogeza kiti, usiku bado mrefu. Chai imo birikani, jimiminie, maana magoti yangu hayataki tena habari za kuinuka-inuka kumhudumia mtu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawe humu ndani ushakuwa mtu wa jembe zamani.

Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka Kisauni kule Mombasa kuja hapa Durban kusomea ualimu wa hesabu. Nilikuwa na akili, na nilijua kuwa nina akili, na hilo la pili ndilo lililokuwa likiniponza. Hasira zangu zilikuwa karibu, ulimi wangu mwepesi. Mama yangu alizoea kuniambia, "Dama, wewe ukifikiri jambo, lishatoka mdomoni." Nikicheka tu. Nilidhani ananisifu.

Kila Jumamosi asubuhi nilipanda taxi, ndizo matatu za huku, mpaka Albert Park, nikashuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na kanisa, nikateremka ngazi kuingia ukumbi wa chini. Huko walikusanyika watoto wa Kikongo na Kirundi, waliokosa shule kwa sababu ya vita na safari ndefu, waje kusaidiwa masomo. Kiswahili chao hakikuwa hiki changu. Mtoto anakuuliza, "Mwalimu, maji iko?" Wewe mtu wa pwani unahisi sikio linakuwasha. Siku za mwanzo nilikuwa nikiwasahihisha kila neno, hadi siku moja nikajisikia mwenyewe dukani nikimwuliza muuzaji kama sukari iko. Tangu hapo nikanyamaza.

Mwenye darasa hakuwa mimi. Mimi nilikuwa msaidizi na mkalimani. Mwenye darasa alikuwa mama mmoja wa Kifilipino, mfupi, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa mabega. Mumewe alifanya kazi kwenye zile meli ndogo zinazovuta meli kubwa bandarini, na walikaa ghorofani South Beach. Kabla ya kuolewa na kuletwa huku alikuwa mwalimu wa hesabu visiwani kwao. Jina lake Luz, na watoto walimwita Tita Luz, kwa kuwa tita kwa lugha ya kwao ni shangazi. Wale wa Kikongo walilidhani ndilo jina la kanisani, wakamwombea hivyo hivyo kwenye sala, "Mungu mubariki Tita," naye hakuwahi kuwarekebisha.

Sasa sikiliza alivyofundisha. Tita Luz hakuwa na haja na ubao. Alisema mtoto aliyetoka vitani, ukimsimamia mbele na chaki, anaona mtu mzima mwingine anayetaka kumpigia kelele. Yeye aliwafundisha kwa michezo aliyocheza utotoni mwake. Alichora miraba sakafuni, na mtoto akarusha kijiwe, akaruka kwa mguu mmoja huku akihesabu tatu-tatu kwenda na tatu-tatu kurudi. Mchezo huo wao huuita piko. Kulikuwa na mwingine wa kuruka miiba: wawili wanakaa chini wakitazamana, wanapandanisha nyayo zao na viganja vilivyotanuliwa, shibiri juu ya shibiri, na wenzao wanaruka juu yake. Lakini huruki mpaka useme kwanza huo mwiba una shibiri ngapi, na shibiri hizo ni sentimita ngapi. Waliokuwa wakilia wakisikia neno sentimita, hapo walilipigania. Siku aliyoleta mawe ya kurusha na kudaka nikapiga kelele, "Ala! Si mdako huu!" Tita naye akasema mchezo ni wa kwao. Tukabishana, tukacheza, akanishinda.

Na mkubwa wa michezo yote ulikuwa sungka. Ukiuona tu, mtu wa pwani, unasema hili ni bao. Ni ubao mrefu uliochongwa, una mashimo saba upande huu na saba upande ule, na shimo kubwa kila mwisho, lako na la mwenzio. Yale madogo huitwa nyumba, na kila nyumba inaanza na simbi saba, wale kombe wadogo wa baharini. Unachota simbi wote wa nyumba yako moja, unakwenda ukidondosha mmoja mmoja, unazunguka. Kwenye shimo lako kubwa unadondosha, la mwenzio unalipita. Simbi wa mwisho akiangukia nyumba yenye wenzake, unawachota wote unaendelea. Akiangukia nyumba tupu, umesimama, zamu si yako tena. Kwa hiyo asiyepiga hesabu kabla ya kuchota, atapigwa. Mle ndani mna kujumlisha, kutoa, kugawanya, na mtoto hajui kama yuko darasani.

Basi kule Ufilipino, mtu akiangukia nyumba tupu, mwenzake humwambia neno moja: patay. Maana yake amekufa. Tita alinieleza kwa Kiingereza, nami mkalimani hodari nikawageukia watoto nikatangaza, "Hapo tunasema amekufa!" Walilipenda neno hilo, wee! Kabla saa haijaisha walishaligeuza wimbo. Mmoja akisimama, wote wanapiga makofi: "Amekufa, twende! Amekufa, twende!" Na mie nikipiga nao makofi.

Miongoni mwao alikuwamo msichana aitwaye Furaha. Miaka kumi na mmoja, mrefu, shingo ya twiga, katoka Uvira, mashariki ya Kongo. Alikaa na bibi yake, mama wa baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, ndivyo Wakongo wengi wanavyomwita bibi au babu. Furaha hakuwa ameona darasa kwa miaka miwili. Shule moja ya mjini ilikubali kumpokea, lakini kwa sharti: kabla ya muhula kuanza atapimwa hesabu. Akiweza, atakaa na wenye umri wake. Asipoweza, ataanzia darasa la pili, na watoto wa miaka saba. Naye alishamwambia bibi yake waziwazi kwamba darasa la pili hakai. Akipelekwa huko, ataacha shule, atakwenda kukaa na wanawake wanaosuka nywele mjini ajifunze kusuka. Si kazi ya aibu, mwanangu, nami mwenyewe nimesukwa nao miaka mingi. Lakini mtoto yule alikuwa na kichwa. Nilimwona kwenye piko na kwenye miiba, akijibu kabla mwenzake hajainua mguu. Nikajisemea huyu atapita tu.

Jumamosi hiyo ya sungka akapangwa kucheza na Chantal, msichana wa Kirundi mwenye domo la kuuza. Wakacheza vizuri. Mara Furaha akachota, akazunguka, simbi wake wa mwisho akadondokea nyumba tupu. Chantal akaruka juu, na ukumbi mzima ukaitikia: "Amekufa, twende! Amekufa, twende!"

Furaha akaondoa mikono ubaoni, akaificha kwapani. Akasimama, akaenda kukaa kwenye ngazi.

"Furaha, rudi," nikamwita. "Mchezo haujaisha."

"Mi sitake," akasema.

Kuanzia hapo, hesabu ikamtoka kabisa. Jumamosi iliyofuata alikuja, akakaa ngazini vilevile. Tita akamwuliza saba na nane ni ngapi, hakujibu. Akamwuliza mbili na mbili, hakujibu. Mie nikapandwa na hasira. Nikamsimamia pale ngazini na kumwambia, "Kushindwa mara moja tu ndiyo unasusa? Ukisusa wenzio wala. Mtihani unakuja, na darasa la pili linakungoja!" Akanitazama. Hakulia, hakuninunia. Alinitazama tu kama mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua. Jumamosi ya tatu hakuja kabisa.

Mwanangu, mimi sikwenda kwao kumbembeleza. Nilikwenda kumshitaki. Nilipanda ghorofa zile kwa miguu, maana lifti ilikuwa imekufa, nikisikia tangu chini kishindo: du! du! du! Koko alikuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwenye kinu, ndani ya chumba, ghorofa ya saba. Jirani wa chini alikuwa akigonga dari lake kwa mpini wa fagio, naye Koko kila akigongewa anaongeza nguvu. Chumba chenyewe kimegawanywa kwa pazia, upande huu wao, upande ule familia nyingine. Furaha hakuwapo, alitumwa sokoni.

Nikaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikamwaga mashitaka yangu yote. Mtoto ana kiburi, mtoto hataki kushindwa, mtoto anaharibu nafasi yake. Koko akatwanga, akanisikiliza. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu.

"Ule muchezo," akasema nilipomaliza. "Batoto banasema nini mutu akikosa?"

"Wanasema amekufa. Amekufa, twende."

Mchi ukasimama hewani. Hata jirani wa chini akaacha kugonga.

Akauweka mchi pembeni taratibu, akajifuta mikono kwa kitenge. Kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. Walipokimbia Uvira walikuwa kundi la watu wengi. Baba yake Furaha aliugua njiani. Mtoto alikaa naye kando ya barabara, kichwa cha baba mapajani mwake. Akapita mwanamume mmoja wa kundi lile, akainama, akamgusa baba shingoni, akasema, "Amekufa, twende." Wakamwinua mtoto kwa mkono, wakaenda. Hawakuzika. Hakukuwa na wakati wa kuzika.

"Neno hilo hilo," Koko akasema. "Zito vile vile. Na makofi juu."

Mimi, Mungu anisamehe, badala ya kunyamaza nikajitetea. Vijana ndivyo tulivyo, tukibanwa tunatafuta mlango. Nikasema, "Lakini Koko, si mimi niliyelitunga. Tita amesema patay, na patay ni kufa. Nimetafsiri sawasawa."

"Sawasawa ya nani?"

Akanisogelea, akaendelea.

"Weye si mutu ya pwani? Bwana yangu alikuwa mutu ya Ujiji. Alicheza bao mpaka ugali inapoa, mpaka mi nachoka kumuita. Mi sikucheze, lakini masikio nilikuwa nayo. Kule kwenu, mutu akitupa kete ya mwisho, inaanguka mu shimo ya bure, munasema nini?"

Nikakumbuka babu yangu mzaa mama, kibarazani kwao Kisauni, na wazee wenzake wamekunja miguu, kete zinalia mashimoni, na mmoja wao anaguna, anainua mikono, anasema neno lile nililolisikia maisha yangu yote bila kulisikiliza.

"Tunasema amelala," nikajibu.

"Amelala," Koko akarudia. "Neno uko nalo, mama amekunyonyesha nalo. Basi juu ya nini unaniulia mutoto?"

Jamani. Nimekemewa na maprofesa, nimekemewa na wakwe, nimekemewa na askari. Hakuna aliyenifikia mahali aliponifikia bibi yule na sombe lake. Nililia pale juu ya ndoo, kilio cha mtoto mdogo, makamasi na vyote. Naye hakunibembeleza upesi. Aliniacha nilie kidogo, akaniambia wazee wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kisha akanipa mchi. "Twanga," akasema. "Machozi inakausha na kazi." Nikatwanga, na yule wa chini akaanza tena na fagio lake.

Jumapili nikaenda South Beach kwa Tita Luz. Niliogopa. Mchezo ni wa kwao, nitamwambiaje kwamba neno la bibi zake linaumiza watu wetu? Nikamweleza yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Alikisukuma kikombe chake kando. Kisha akasema kule kwao neno lile limesemwa sana hata limechakaa, watoto huambiana umekufa wakacheka wakaenda kula, na yeye hakuwahi kufikiri kuwa linaweza kumkata mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akaniuliza kwetu tunasemaje.

"Lala," nikamwambia.

"Lala," akasema naye, akalionja mara mbili tatu mdomoni. Mabega yakaanza kucheka. "Neno zuri. Kwetu nyumba tupu ni kaburi, kwenu ni kitanda."

Jumamosi Koko mwenyewe alimleta Furaha, akamkalisha ngazini, akakaa naye. Tita akawaita watoto wote, akasema kuanzia leo mchezo una sheria mpya ya kutoka pwani ya Mwalimu Dama: mtu akiangukia nyumba tupu, amelala. Watoto wakatazamana. Chantal, domo lake lile, akauliza, "Na akilala, tunafanya nini?"

Tita akanitazama mie. Sheria hiyo hatukuwa tumeitunga. Nikasema la kwanza lililonijia, "Akilala, mnamngoja. Zamu ikirudi kwake, mnamwamsha."

Wee, uliona wapi! Wa kwanza kulala alikuwa Chantal mwenyewe. Akajitupa sakafuni, akakoroma kwa makusudi. Wenzake wakaimba, "Amelala, ngoja! Amelala, ngoja!" na zamu yake iliporudi wakamvamia kwa kumtekenya mpaka akaomba msamaha. Hata Koko alicheka, akijifunika mdomo kwa kitenge. Nilikuwa nikimwangalia Furaha kwa pembe ya jicho. Hakucheka. Lakini mikono ilitoka kwapani, na baadaye nikamwona amesogea ngazi moja chini, kisha nyingine, kisha yupo kwenye ubao, amekaa mbele ya Chantal, anasema, "Panga simbi."

Nawe usidhani mambo yalitengenea siku hiyohiyo. Alicheza akiwa kimya wiki zote za mwanzo. Alipolala mara ya kwanza, hakuna aliyethubutu kuimba. Chantal ndiye aliyemwinamia, akamfunika kanga begani, akasema polepole, "Lala, tunakungoja." Maneno mema humtoa nyoka pangoni. Mtoto yule wa domo alijua kusema hivyo, mimi msomi sikujua.

Siku moja, bila kuulizwa, Furaha akanivuta mkono. "Mwalimu, angalia. Kumi na tano inalala kwake."

Sikumwelewa. Akanionyesha. Nyumba ikiwa na simbi kumi na tano, ukawachota na kuwadondosha mmoja mmoja, unapita nyumba zako, shimo lako, nyumba zote za mwenzio, unarudi, na yule wa mwisho anadondokea palepale ulipoanzia. "Kumi na nne, haifike. Kumi na sita, inapita. Kumi na tano, inafika kwake, inalala." Akahesabu tena kunihakikishia. Na thelathini? Inarudi kwake mara mbili. Na thelathini na mbili? Mara mbili, na mbili zinatembea.

Tita Luz alikuwa nyuma yetu. Akanishika bega kwa nguvu, akaninong'oneza kwamba mtoto huyu amejifundisha kugawanya kwenye baki, jambo tulilotaka kulifikia mwisho wa mwezi. Akampa nambari kubwa zaidi na zaidi, na Furaha akazizungusha kwa kidole ubaoni, akizirudisha kwao, akihesabu zilizobaki. Siku ile alizungumza kuliko siku zote.

Ikafika siku ya kupimwa. Nilikwenda naye kama mkalimani. Koko alikaa nje kwenye benchi ya korido, na kabla hatujaingia akanishika kidole, akasema, "Usimusaidie." Mwalimu wa shule alikuwa mama wa Kizulu, miwani puani, mpole lakini mwenye haraka, maana foleni ilikuwa ndefu. Akauliza, nami nikageuza kwa Kiswahili. Maswali ya mwanzo Furaha akayapita. Mengine akayakosa, mama akayapigia mstari. Nikaona jinsi mambo yalivyo: yamebaki kwenye swali moja la mwisho, ndilo litakalosema akae wapi.

Lilikuwa hivi. Watu arobaini na saba wanataka kusafiri. Taxi moja inachukua watu kumi na tano. Taxi ngapi zitajaa, na wangapi watabaki?

Nikamtafsiria. Furaha akainamisha macho. Nilimwona shingo imekakamaa na mikono inaanza safari ya kurudi kwapani. Mama akamngoja kidogo, akatazama saa, akainua kalamu. Ulimi uliniwasha, mwanangu. Neno moja tu la Kiswahili ningelichomeka, na yule mama asingejua. Nilijiuma mdomo hadi nikasikia ladha ya chumvi.

"Anajua au hajui?" mama akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Furaha akasema, bila kuinua macho, "Mumwambie sikukufa. Nimelala tu. Angoje."

Nikalitafsiri. Neno kwa neno, sikupunguza, sikuongeza. Mama wa Kizulu akavua miwani. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi niliyekuwa nikitokwa machozi kama mjinga, akaweka kalamu juu ya meza.

"Hawu," akasema. "Basi tumwache alale."

Tukakaa. Nje, watu wa foleni walikuwa wakilalamika. Kisha kidole cha Furaha kikatoka, kikaanza kuzunguka juu ya meza ile, mviringo mmoja, wa pili, wa tatu, kikasonga mbele kidogo na kusimama. Akamtazama mama yule usoni, mara ya kwanza tangu tuingie.

"Tatu zimejaa, zimefika kwao," akasema. "Batu babili bado iko mu njia."

Taxi tatu, na watu wawili wamebaki. Ndilo jibu. Lakini mimi sikuweza kulitafsiri upesi, kwa sababu nilijua kwamba nje ya mlango ule, kwenye benchi, kulikuwa na bibi mmoja, na humu ndani mjukuu wake, na kwa wote wa nyumba yao walioanza safari pamoja, hao ndio wawili waliokuwa bado njiani. Nililia kwanza, kisha nikasema kwa Kiingereza. Mama akaandika. Akasema Furaha ataketi na wenye umri wake, na muhula mmoja wa kumwangalia. Tulipotoka, Koko hakuuliza kitu. Alitutazama nyuso, akamvuta mtoto kifuani, akasema "Aksanti Yesu" mara nyingi sana, hadi foleni nzima ikaitikia amina.

Sasa nikwambie, mwanangu, kwa nini nimekuketisha hapa. Wiki ijayo unaanza kufundisha, nawe umekuja ukiniuliza habari za vitabu. Vitabu utavipata. Chukua michezo ya Tita, chukua mdako na bao letu, usione haya kupiga goti sakafuni na watoto, maana hesabu ilikuwa mikononi mwa watoto kabla haijafika ubaoni. Lakini hayo yote ni bure usipochunga neno moja: lile unalomwambia mtoto saa ile ile anapokosa. Kukosa kila mtu atakosa, kujikwaa si kuanguka. Neno utakaloliitia kosa lake ndilo atakalokwenda nalo nyumbani, alale nalo, aamke nalo. Ukimwambia amekufa, atakuamini, kwa sababu wewe ni mwalimu wake na yeye ni mtoto. Ukimwambia amelala, atakuamini vilevile.

Usichukue neno la watu kwa sababu tu limekuja na mchezo mzuri. Liulize kwanza, "Wewe unamwumiza nani hapa?" Na usiwe kama nilivyokuwa mie, mwenye neno jema la babu yake mdomoni, akalipita kutafuta la mbali. Na ukishasema amelala, basi ngoja. Usiinue kalamu. Kungoja ndiyo kazi yenyewe, mengine ni mapambo.

Lete kichwa chako hapa nikuwekee mkono. Mungu wa babu zako na wa watoto utakaowakuta akupe ulimi mpole na masikio marefu. Siku utakapolala wewe, mwanangu, maana utalala, akupe mtu wa kukaa kando yako asiyesema twende. Na kila mtoto atakayepita mikononi mwako, afike kwao. Amina. Haya, nenda, kunakucha.